Msomaji ameshatabiri mwisho wa ngano yangu. Niubadilishe?

*"Naandika ngano ya mfululizo, sehemu moja kila Ijumaa, na sasa nimefika ya 24 kati ya 32 nilizopanga. Ni kisa cha msichana aliyeweka rehani kivuli chake kwa jini wa kisima ili kaka yake, aliyegeuzwa jiwe, arudi kuwa mtu. Njiani anaongozwa na kunguru mwenye jicho moja. Siri niliyoificha ni kwamba kunguru ndiye kaka mwenyewe: mwili uko kwenye jiwe, roho iko kwa ndege, na ili jiwe lizinduke lazima kunguru afe. Wiki chache zilizopita msomaji mmoja aliligundua hilo na kuwaambia wenzake. Alikumbuka kwamba katika sehemu ya 2 kaka akihesabu huruka nne, na katika ya 11 kunguru naye aliruka nne. Tangu hapo wengi wananiomba kunguru asife, wengine kwa matusi. Yuko aliyenionesha kwamba nimejipinga: sehemu ya 6 nilisema aliyeweka rehani kivuli hawezi kuvuka maji yanayotiririka, na sehemu ya 17 binti akavuka mto kwa mtumbwi. Na kuna msomaji mmoja ananiandikia usiku, anasema amefiwa na kaka yake, na huyu wa hadithi akirudi naye atapata nafuu. Nimeshindwa kuandika. Nibadilishe mwisho? Nimsikilize nani?"*

Mtunzi mwenzangu, kwanza pole kwa matusi. Pili, kabla sijaingia kwenye ushauri: baadhi ya alama za hadithi yako nimezibadilisha hapo juu ili wasomaji wako wasiitambue, kwa hiyo usishangae ukimkuta kunguru mahali ulipoweka mnyama mwingine.

Jibu fupi ni hapana, usibadilishe mwisho. Jibu refu ni kwamba wasomaji wako wamekuonesha kasoro mbili za kweli, moja umeitaja na nyingine hujaiona, na hizo ndizo zinazotaka kazi.

Hofu yako kubwa, nikikusoma vizuri, ni hii: siri imetoka, sasa watu watasoma sehemu nane zilizobaki kwa ajili gani? Nyuma ya hofu hiyo kuna dhana kwamba ngano huishi kwa siri. Hadithi ya upelelezi, labda. Ngano haijawahi kuishi hivyo. Mwaka 1928 mtafiti wa Kirusi Vladimir Propp alichapisha uchambuzi wa ngano 100 za kichawi za kwao. Alionesha kwamba pamoja na wingi wa wahusika na miujiza yao, matendo yanayozijenga hayazidi 31, na hufuatana kwa mpangilio unaokaribia kuwa uleule. Mojawapo ni katazo: usifungue mlango huu, usitaje jina hili. Linalofuata ni kuvunjwa kwa katazo hilo. Msikilizaji anajua mlango utafunguliwa tangu dakika aliyoambiwa ni marufuku kuufungua, na wala haondoki. Anakaa aone nani ataufungua, kitu gani kitamsukuma, na atalipa nini. Mtoto anayedai asimuliwe kisa kilekile kila usiku, na anayekusahihisha ukiruka neno, mwisho wake anaujua kuliko wewe.

Upo pia utafiti uliotajwa sana, wa Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, uliotoka mwaka 2011. Waliwapa watu hadithi fupi wasome, baadhi wakiambiwa mwisho mapema, na walioambiwa kwa jumla walifurahia zaidi kuliko wasioambiwa. Tafiti nyingine za baadaye zilipata kinyume, kwa hiyo siutumii kumnyamazishia mtu yeyote. Nautaja tu kwa sababu umeandika kana kwamba ni jambo lililokwisha thibitika kuwa siri ikijulikana hadithi imekufa. Halijathibitika.

Hebu tuangalie huyo mtabiri wako amepata nini hasa. Amejua kunguru ni nani. Hajui binti atajua lini. Hajui kama atajua kabla mkono wake haujafanya kazi yake au baada. Hajui kama kunguru mwenyewe analijua hilo, na kama analijua, kwa nini amekuwa akimwongoza dada yake kuelekea kisimani badala ya kumpoteza njia. Mpaka juzi msomaji alikuwa anajiuliza "huyu ndege ni nani?", swali ambalo lingejibiwa mara moja na kwisha. Sasa anakaa na roho mkononi. Katika sehemu ya 21, ukurasa ulionitumia, binti anamwambia kunguru: "Nikimpata kaka yangu, nitakuacha upumzike." Ulipouandika mstari huo ulikuwa mzaha wa wasafiri wawili waliochoka. Kwa msomaji aliyeshajua, ni mstari unaomchoma. Hukuongeza hata neno moja, na ukurasa umepata uzito mara mbili. Taharuki ya namna hiyo waandishi wengi wanaitafuta kwa tochi, wewe umeletewa na msomaji wako.

Sasa fikiria umebadilisha. Tuseme kunguru anakuwa ndege tu, na roho ya kaka unaificha kwingine ili umkomeshe mtabiri. Ile nne iliyorukwa itakuwa ya nani? Sehemu ya 2 na ya 11 zimeshasomwa, huwezi kuzirudisha mfukoni. Utakuwa umewaadhibu wale waliokusoma kwa makini kuliko wote, kwa kosa la kukusoma kwa makini. Wasomaji wa mfululizo husamehe mengi: kuchelewa, makosa ya herufi, hata sehemu nzima iliyopwaya. Kuambiwa kwamba dalili walizookota hazikuwa na maana, hilo hawalisahau.

Ninaona pia umeshangazwa na ukali wao, na hapo inafaa uelewe mfululizo unavyofanya kazi kichwani mwa mtu. Mwenye kitabu kizima akifika patamu anafungua ukurasa unaofuata. Wa kwako unamkatia patamu Ijumaa usiku na kumwacha na arosto siku saba. Siku hizo hakai bure, anajisimulia mwenyewe. Jumapili ameshampa kunguru maisha baada ya safari, Jumatano ameshamjengea kiota juu ya nyumba ya binti, na ikifika Ijumaa nyingine ana hadithi yake kamili ambayo ameipenda. Sehemu yako mpya inapotoka, inaifuta ile ya kwake. Hasira unayoiona mara nyingi ni ya mtu aliyepokonywa kitu alichokitengeneza. Haihalalishi tusi, lakini inakueleza kwa nini mtu asiyekujua anakuandikia kama umemvunjia nyumba. Tena kumbuka wanaokuandikia ni wachache. Wengi wa wasomaji wako husoma, wakashusha pumzi, wakaendelea na shughuli zao. Usiupime umati mzima kwa sauti ya walio mbele.

Hata hivyo kilio cha kunguru nisingekipuuza. Msomaji akisema "hapa panauma", karibu kila mara ni kweli. Akisema "kwa hiyo fanya hivi", karibu kila mara hiyo si dawa. Kwa hiyo tuulize kwa nini panauma kiasi hicho. Nimezisoma sehemu zako zote 24. Kaka ana sehemu moja na nusu ya kuwa mtu, kisha ni jiwe. Jiwe halitanii, haliogopi mvua, haliibi samaki kwa wavuvi na kusingizia paka. Kunguru anafanya yote hayo. Wiki baada ya wiki umewafundisha wasomaji kumpenda ndege, halafu unawaomba wafurahi anapokufa ili afufuke kijana wasiyemjua. Wanakataa, na wana haki. Wala hawapingi kifo chenyewe. Wanachokosa ni kitu cha kushika upande wa pili.

Hiyo ndiyo kasoro hujaiona, na bado una nafasi ya kutosha kuirekebisha bila kugusa mwisho. Mrudishe kaka kwenye hadithi akiwa mtu. Binti amkumbuke, lakini si kwa sifa za jumla kwamba alikuwa mpole na mwenye upendo. Amkumbuke akifanya jambo baya dogo: aliyemsingizia paka, kwa mfano, awe ni yeye kwanza. Sehemu mbili za namna hiyo zitatosha. Msomaji aliyeshajua siri atacheka na kuumia hapohapo, na ambaye hajajua ataanza kuhisi. Kisha jiwe litakapozinduka, pana uamuzi mmoja ambao ni wako peke yako. Kijana ataamka na kuhesabu. Akiruka nne, umewapa wasomaji faraja: kunguru yumo ndani yake. Asiporuka, akahesabu sawasawa moja mpaka kumi huku dada yake akimtazama mdomo, umewaandikia mwisho mgumu zaidi, ambao mtabiri wako hakuuona ukija. Mimi naelemea kwa huo wa pili. Lakini nimesoma ngano nyingi mno za kikatili, huenda ladha yangu imeharibika. Ukichagua wa kwanza, usiuongezee maelezo. Namba ibaki imerukwa, na aya iishie hapo.

Utaniambia: mbona wapo waliowatii wasomaji na mambo yakawanyookea? Wapo, na mfano mkubwa kuliko wote ni wa ngano ya mfululizo kama yako. Mwandishi Carlo Collodi alianza kuchapisha kisa cha Pinocchio, mwanasesere wa mti aliye hai, Julai 1881 katika gazeti la watoto la Italia. Oktoba mwaka huohuo, mwishoni mwa sura ya 15, akamtundika kijana wa mti kwenye mwaloni na kumaliza hadithi. Wasomaji hawakukubali, mhariri naye akambana, na Februari 1882 akaendelea. Ikafika sura 36 na kuisha Januari 1883. Mengi ambayo dunia inayakumbuka, pua inayorefuka kwa uongo, nchi ya michezo, tumbo la samaki, yamo katika sehemu iliyodaiwa na wasomaji. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba kusikiliza ni udhaifu.

Lakini angalia walimzuia kwenye nini. Kitanzi kile hakikulipia chochote: hakuna aliyepona kwa sababu ya kifo hicho wala sharti lililotimia. Hadithi ilikatika tu. Kifo cha kunguru wako kimewekwa kama malipo tangu sehemu ya 3, jini alipotaja bei. Ukikiondoa, bei yote inaporomoka, na safari ya sehemu thelathini inakuwa matembezi. Kipimo changu ni hiki: kama tukio linaweza kuondolewa na hakuna deni linalobaki bila kulipwa, sikiliza ombi la wasomaji kwa moyo mweupe. Kama linaacha deni, kaza.

Na Collodi anatusaidia pia kwenye suala la mto. Katika sura ya 15, Pinocchio akikimbia wauaji, anabisha kwenye nyumba nyeupe. Msichana mwenye nywele za buluu anatokea dirishani, macho yamefumba, mikono imepishana kifuani, anasema bila kutikisa midomo kwamba nyumbani humo wote wamekufa, na kwamba yeye pia amekufa, anangoja jeneza lije limchukue. Hadithi ilipofufuliwa, katika sura ya 16, msichana yuleyule anapiga makofi mara tatu, kipanga anatua dirishani, naye anamtuma akafungue kitanzi kwa mdomo. Sasa ni kiumbe wa kichawi mwenye wema, aliyeishi karibu na msitu huo zaidi ya miaka elfu. Yule maiti amekwenda wapi? Hatuambiwi. Na watoto walipita hapo bila kujikwaa.

Kwa nini wewe usipite vivyo hivyo? Kwa sababu la kwake lilikuwa ajabu, na la kwako ni sharti. Ajabu katika ngano haidaiwi maelezo. Sharti linadaiwa, maana ndilo linalomfanya msomaji aogope. Ukishasema aliyeweka rehani kivuli havuki maji yanayotiririka, kila mto ulio mbele ni ukuta. Binti akivuka mmoja kwa mtumbwi bila tatizo, kuta zote zimeanguka, pamoja na ile ya kisimani. Huyo aliyekuonesha hilo ndiye msomaji wako bora, hata kama ameandika kwa kejeli.

Una njia tatu. Unaweza kuirekebisha sehemu ya 17 na kuwaambia wasomaji waziwazi kwamba umeirekebisha, jambo ambalo ni la heshima na halihitaji maneno mengi. Unaweza kuirekebisha kimyakimya, na hiyo nakushauri uiache: wapo waliohifadhi toleo la kwanza, utaonekana mjanja. Ya tatu ndiyo ninayoipenda, maana inaligeuza kosa kuwa hadithi: alivuka kwa sababu kuna mtu alimlipia. Nani? Nimerudi kuangalia sehemu ya 18, na kunguru wako, ambaye kwa kawaida hafungi mdomo, hasemi neno mpaka ukurasa wa mwisho. Sidhani ulikusudia. Lakini kimya hicho kiko pale, kinangoja sababu. Tahadhari moja tu: malipo hayo yawe na alama inayoonekana baadaye. Ukisema "alilipa" na hakuna alichopungukiwa, wasomaji watajua unapiga kiraka.

Umeniuliza pia umsikilize nani. Charles Dickens, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, alikumbana na maombi ya aina mbili, na aliyajibu tofauti. Alipokuwa akimwandika Nell, binti mdogo wa riwaya yake, katika mfululizo wa kila wiki, mwaka 1840 na 1841, barua zilimiminika zikimsihi amwachie binti huyo uhai. Hakumwachia. Miaka kama minane baadaye, katika mfululizo mwingine, mwanamke mmoja mwenye umbo fupi alijitambua katika mhusika mbaya, kwa maumbile yake na kazi yake, akamlalamikia kwamba anamharibia maisha. Dickens alibadilisha mwelekeo, na mhusika huyo akarudi akiwa mtu mwema. Wa kwanza walimwambia wanachokitamani. Wa pili alimwambia anachoumizwa nacho, nje ya kurasa, katika maisha yake halisi. Msomaji akikuonesha kwamba ngano yako inamdhalilisha mtu au kundi, hilo usilipime kwa kipimo cha deni na malipo. Sikiliza.

Na hapo ndipo ninapomfikia yule anayekuandikia usiku. Usimwahidi chochote kuhusu kaka wa kwenye hadithi, wala usibadilishe hadithi kwa ajili yake. Najua inasikika ukatili, lakini ukimpa ahadi utakuwa umemfungia nafuu yake kwenye Ijumaa zako nane, na baada ya ya nane hutakuwa na cha kumpa. Mjibu kama mtu, si kama mtunzi. Mpe pole ya kweli, muulize jina la kaka yake, mwambie wazi kwamba sehemu zijazo zina kifo na kwamba si lazima azisome. Muulize nani yuko naye nyumbani na kama kuna ndugu, rafiki, kiongozi wa dini au mhudumu wa afya anayeweza kukaa naye ana kwa ana. Ukiona anasema hataki kuishi, au anaongelea kumfuata marehemu, muulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Akikubali, usibaki nalo peke yako. Mhimize awe na mtu karibu saa hiyohiyo na afike hospitali, na kama unamfahamu yeyote wa kwao, mtafute bila kungoja kesho. Mtunzi si mganga wa msiba, na kujifanya hivyo ni hatari kwenu nyote wawili.

Kuhusu matusi, usijibu. Yahifadhi tu. Yakigeuka vitisho, au mtu akianza kutaja unapoishi, waambie walio karibu nawe na upeleke ushahidi polisi. Na kama umefika mahali hulali, au unaogopa kushika simu yako mwenyewe, hilo nalo ni la kumwona mtu wa kuzungumza naye, si la kuvumilia kwa sababu eti ni hadithi tu.

Kilichobaki ni ratiba. Umesema umeshindwa kuandika, na sishangai: unaandika kila sehemu ukiwa umetoka kusoma maoni ya sehemu iliyopita, kwa hiyo watu wote hao wamekaa nawe mezani. Watangazie wasomaji mapumziko ya wiki nne na utaje tarehe ya kurudi, maana mapumziko yasiyo na tarehe ndiyo yanayozaa uvumi kwamba mtunzi amekimbia. Katika wiki hizo usifungue ujumbe wowote wa hadithi, mpe rafiki akusomee na akupe yale tu yanayohusu makosa. Yule wa usiku msome mwenyewe. Andika sehemu ya 25 mpaka ya 28 kwa mkupuo, ili ukianza tena uwe mbele yao kwa mwezi mzima. Zile nne za mwisho usizitoe kabla hujakaa na mhariri au msomaji mmoja unayemwamini, chumba kimoja, ukamsomea kwa sauti huku ukimtazama usoni. Atakapoanza kuangalia saa, weka alama pembeni ya ukurasa. Hapo pana aya ya kukata.